Maswali ya Wasomaji: Proksi ya Kinyume Mbele ya Tovuti Yako

Katika barua tulizopokea kutoka mkoa wa Tanga, nne zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu proksi ya kinyume, yaani programu inayosimama mbele ya tovuti na kupokea maombi yote ya wageni kwa niaba yake. Tumeziweka pamoja kwa kuwa jibu la moja linaikamilisha nyingine. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi hayakuchapishwa.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninasimamia tovuti ya nyumba ya kulala wageni iliyopo Raskazone, hapa Tanga mjini. Tumekodi seva ndogo ya Ubuntu, na programu ya kupokea oda za vyumba imeandikwa kwa Node.js na inasikiliza poti ya 3000, yaani mlango wa seva wenye namba hiyo. Mgeni akitaka kuifungua, hana budi kuandika jina la tovuti, kisha nukta mbili, kisha 3000. Wengine hukosea, na wengine walio maofisini hutuambia kwamba ukurasa haufunguki kabisa. Isitoshe, kivinjari huwaonya kwamba tovuti si salama. Fundi mmoja amenishauri niiendeshe programu katika poti ya 80 kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, na mwingine ameniambia niweke Nginx, programu ya proksi ya kinyume, mbele yake. Nimfuate yupi, na nianzie wapi?

Msomaji, Raskazone

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Mfuate fundi wa pili.

Kivinjari kikipewa anwani isiyotaja poti, huenda poti ya 80 ikiwa mawasiliano ni ya HTTP, au poti ya 443 ikiwa ni ya HTTPS, yaani HTTP iliyolindwa kwa kusimbwa. Mitandao mingi ya maofisini huruhusu wafanyakazi kutoka kupitia poti hizo mbili tu, na hiyo ndiyo sababu wageni wako wa ofisini hawaioni poti ya 3000. Ushauri wa fundi wa kwanza ungeondoa tatizo hilo, lakini ungeleta kubwa zaidi. Katika Linux, poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hufunguliwa na mtumiaji mkuu peke yake, na programu inayopokea maandishi kutoka kwa watu usiowajua haifai hata kidogo kuendeshwa kwa mamlaka hayo, kwa sababu siku itakapogunduliwa kuwa na tundu, aliyeligundua atakuwa ameipata seva nzima.

Proksi ya kawaida husimama upande wa watumiaji, kwa mfano wafanyakazi wa ofisi wanaotoka kwenda kwenye intaneti. Proksi ya kinyume husimama upande wa tovuti, kama bawabu: hupokea ombi katika poti ya 80 au 443, hulipeleka kwa programu iliyo ndani, huchukua jibu na kulirudisha kwa mgeni, ambaye hana haja ya kujua kwamba ndani kuna poti ya 3000. Nginx ilianza kuandikwa na Igor Sysoev mwaka 2002 na kutolewa kwa umma mwaka 2004, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuhudumia maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja bila kuzalisha mchakato mpya kwa kila mgeni. Ndiyo maana hata seva yako ndogo itaimudu bila shida. Apache, HAProxy na Caddy nazo hufanya kazi hii, na Caddy ina sifa ya kujiombea yenyewe cheti cha HTTPS. Nakushauri Nginx kwa sababu fundi wako anaijua, na fundi wa karibu anayeijua programu ni bora kuliko programu nzuri isiyo na fundi.

Kabla ya kusakinisha chochote, hakikisha kwamba rekodi ya A ya kikoa chako, yaani ile inayolifunga jina la tovuti na anwani ya IPv4, inaelekeza kwenye anwani ya seva hiyo, na kwamba programu yenyewe ni nzima. Ingia kwenye seva na uandike `curl -I http://127.0.0.1:3000` (127.0.0.1 ni anwani ambayo kila kompyuta hujiitia yenyewe), ukipata jibu, endelea, na usipopata, irekebishe programu kwanza, kwa maana hakuna proksi inayoweza kupitisha ombi kwa programu iliyolala. Kisha endesha `sudo apt update` na `sudo apt install nginx`, na utengeneze faili la `/etc/nginx/sites-available/wageni` lenye maelezo yafuatayo. Nimetumia example.com, jina lililotengwa kwa ajili ya mifano. Wewe weka la kwako.

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name example.com www.example.com;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Kila mstari wa maelekezo huishia na nukta-mkato, na ikisahaulika moja tu faili zima hukataliwa. Liunganishe faili hilo na folda ya tovuti zilizo hai kwa amri ya `sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/wageni /etc/nginx/sites-enabled/`, lipime kwa `sudo nginx -t`, na likikubaliwa tu ndipo uandike `sudo systemctl reload nginx`. Jizoeze kutumia reload badala ya restart, kwani ya kwanza husoma mipangilio mipya bila kuwakatia mawasiliano wageni waliomo, na mipangilio ikiwa na kosa Nginx huendelea na ile ya zamani.

Ukifungua tovuti yako sasa bila kutaja 3000, itafunguka. Hapa ndipo watu wengi husimama, na hapa ndipo ninapokuomba usisimame, kwa sababu mambo mawili yenye uzito zaidi bado hayajafanyika. La kwanza ni kuiambia programu ya ndani ukweli kuhusu mgeni aliyekuja. La pili ni kuhakikisha kwamba hakuna njia nyingine ya kuifikia programu hiyo isipokuwa kupitia Nginx.

Tuanze na la kwanza. Programu yako, tangu ulipoweka Nginx, haimwoni tena mgeni, inaiona Nginx. Ile mistari minne ya `proxy_set_header` ndiyo inayobeba habari za mgeni katika heda, yaani maelezo yanayotangulia ombi. Bila ule wa `Host`, Nginx huipelekea programu jina la `127.0.0.1:3000`, na programu ikitunga barua pepe ya kumthibitishia mgeni chumba chake, kiungo kilichomo kitaanza na `http://127.0.0.1:3000`. Mgeni aliyepo Arusha akikibonyeza kiungo hicho, simu yake itajitafuta yenyewe na kukosa. Bila ule wa `X-Forwarded-Proto`, programu haiwezi kujua kwamba mgeni amekuja kwa HTTPS. Ikiwa imeagizwa kumpeleka kila mtu kwenye HTTPS, itamrudisha palepale alipo, tena na tena, mpaka kivinjari kikate tamaa na kutangaza kwamba ukurasa unazunguka bila mwisho.

Mistari miwili iliyobaki inahusu anwani ya mgeni. Fungua kumbukumbu za matukio (logi) za programu yako leo na utaona kwamba kila aliyeingia ameandikwa 127.0.0.1. Huenda ukadhani hilo ni suala la takwimu tu. Sasa chukua programu iliyoagizwa kuifungia kwa saa nzima anwani yoyote inayokosea nenosiri mara tano. Mgeni mmoja wa Chumbageni akikosea mara tano, inayofungiwa ni 127.0.0.1, maana yake ni kwamba wamefungiwa wote, akiwemo meneja aliyekaa mapokezi na mteja mbele yake. Mistari ya Nginx inapeleka anwani ya kweli, lakini programu nayo lazima iagizwe kuisoma. Katika Express, ambayo hutumiwa sana pamoja na Node.js, agizo ni `app.set('trust proxy', 'loopback')`. Katika Django, habari ya HTTPS husomwa kupitia mpangilio uitwao `SECURE_PROXY_SSL_HEADER`. Kila mfumo una wa kwake, na usipouweka, Nginx itakuwa inaongea na asiyesikiliza.

Jambo la pili linatokana moja kwa moja na la kwanza. Umeiambia programu iamini kinachosemwa na heda hizo. Ikiwa poti ya 3000 bado iko wazi kwa dunia, mtu anaweza kuipita Nginx pembeni, akaiendea programu moja kwa moja na kujiandikia heda anazotaka, akajidai ametoka anwani yoyote na kwamba amekuja kwa HTTPS. Andika `sudo ss -tlnp` uone nani anasikiliza wapi. Ukiona `0.0.0.0:3000` au `*:3000`, programu inasikiliza kila upande. Ibadilishe isikilize ndani tu, kwa kuandika `app.listen(3000, '127.0.0.1')`, uianzishe upya, kisha utazame tena mpaka usomeke `127.0.0.1:3000`.

Juu ya hapo weka ukuta wa moto, unaozuia poti zisizoruhusiwa, kwa programu ya ufw. Anza na `sudo ufw allow OpenSSH`, halafu `sudo ufw allow 80/tcp` na `sudo ufw allow 443/tcp`, na mwisho `sudo ufw enable`. Mpangilio huo usiugeuze, kwa kuwa anayewasha ukuta kabla ya kuruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, anaweza kujifungia nje ya seva yake mwenyewe. Iwapo fundi wako ameifunga programu ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya makontena, ujue kwamba poti zinazochapishwa na Docker huruka sheria za ufw. Ukuta utaonekana umefungwa, kumbe poti iko wazi. Katika hali hiyo poti ichapishwe kwa kutaja anwani ya ndani, yaani `-p 127.0.0.1:3000:3000`. Ukimaliza, zima Wi-Fi ya simu yako, tumia data, na ujaribu kufungua anwani ya zamani yenye 3000. Isipofunguka, kazi imefanyika.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu programu ya nyumba ya wageni ina majina ya watu, namba zao za simu, namba za vitambulisho au pasipoti, na tarehe walizolala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mgeni aliyekukabidhi namba ya pasipoti yake amekuamini wewe, na ni haki yake kwamba umefunga njia zote usizozitumia.

Kuhusu onyo la kivinjari, dawa yake ni cheti. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na Ubuntu ina programu ya Certbot inayoviomba na kuviweka. Sakinisha kwa `sudo apt install certbot python3-certbot-nginx`, kisha andika `sudo certbot --nginx -d example.com -d www.example.com`. Certbot italihariri faili lako la Nginx, itaongeza poti ya 443, na itawahamisha wanaokuja kwa HTTP kwenda HTTPS. Ikishindwa, angalia kwanza kama kikoa chako kina rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6) ya zamani inayoelekeza kwenye seva nyingine, kwa sababu Let's Encrypt hupendelea kupitia IPv6 inapokuwepo, na kosa hili huwapotezea mafundi muda mwingi. Cheti cha kawaida hudumu siku 90 na Certbot hukihuisha yenyewe kabla ya muda kwisha. Jaribu leo kwa `sudo certbot renew --dry-run`, kwani tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha.

SWALI

Assalaam aleykum Mwalimu. Nina duka la steshenari na kusafisha picha hapa Ngamiani. Wateja hututumia picha kupitia tovuti yetu, iliyoandikwa kwa Django, na mdogo wangu aliweka Nginx mbele yake. Tangu hapo picha ndogo zinapita, lakini picha za simu za siku hizi zinakataliwa kwa kosa la 413. Tatizo jingine ni kwamba kila asubuhi nikifungua tovuti nakuta 502. Nikiingia kwenye seva na kuiwasha programu upya kutoka kwenye kompyuta yangu, inarudi, na kesho yake yanakuwa yaleyale.

Msomaji, Ngamiani

JIBU

Waaleykum salaam, dada yangu. Kosa la 413 ni la Nginx yenyewe, wala Django haihusiki. Nginx isipoagizwa vingine hukataa ombi lolote ambalo mzigo wake unazidi megabaiti 1, na picha moja ya simu ya sasa huweza kuwa na megabaiti 3, 5 au zaidi. Ndani ya sehemu ya `server` ongeza mstari wa `client_max_body_size 25m;`, pima kwa `nginx -t`, na uisomeshe Nginx upya. Usiweke sifuri, ingawa utakuta watu wanashauri hivyo, kwa kuwa sifuri humaanisha hakuna kikomo, na mtu mmoja mwenye nia mbaya anaweza kuijaza diski yako.

Kosa la 502 ni jingine kabisa. Lina maana kwamba Nginx ilikuwepo, ikalipokea ombi, ikaenda kwenye poti ya programu na haikupata jibu la maana. Fungua faili la `/var/log/nginx/error.log` asubuhi, kabla hujagusa chochote, na kwa maelezo uliyoyatoa natarajia utaona maneno `connect() failed (111: Connection refused)`, yaani kwenye poti ile hapakuwa na mtu. Tofautisha na 504, ambayo humaanisha kwamba programu ipo lakini imechelewa kujibu kupita sekunde 60, muda ambao Nginx huvumilia isipoagizwa vingine.

Umeandika kwamba unaiwasha programu kutoka kwenye kompyuta yako. Hapo ndipo penye chanzo. Programu iliyoanzishwa kwa mkono ndani ya kikao cha SSH ni mtoto wa kikao hicho, na jioni unapofunga duka na kuzima kompyuta, kikao hufa na programu hufa nacho. Nginx hubaki hai kwa sababu inalelewa na systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma. Mpe systemd na programu yako pia, kwa kuandika faili la `/etc/systemd/system/duka.service`:

```
[Unit]
Description=Programu ya kupokea picha
After=network.target

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/srv/duka
ExecStart=/srv/duka/venv/bin/gunicorn --bind 127.0.0.1:8000 duka.wsgi
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Badilisha njia za mafaili zilingane na zako, kisha endesha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl enable --now duka`. Kuanzia hapo programu itaamka yenyewe seva ikiwashwa upya, na ikianguka itainuliwa baada ya sekunde 5. Ikiwa bado itakufa mara kwa mara, soma `journalctl -u duka`, na uangalie kama kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya seva haiishi wakati picha nyingi zinaposhughulikiwa pamoja, kwani Linux ikiishiwa kumbukumbu huua mchakato mmoja ili iokoe mingine, na mara nyingi anayeuawa ni yule anayetumia nyingi kuliko wote.

SWALI

Habari za kazi, Mwalimu. Sisi ni kikundi cha wakusanyaji wa machungwa Muheza. Tuna tovuti ya kikundi, na programu nyingine ya kutangaza bei za siku inayoendeshwa katika poti ya 8080 kwenye seva hiyohiyo. Tumetaka programu hiyo ionekane chini ya tovuti yetu kwa kuongeza /bei mwishoni. Ukurasa unafunguka, lakini hauna rangi wala picha, na vitufe havifanyi kazi. Tumekosea nini?

Msomaji, Muheza

JIBU

Nzuri, ndugu yangu, na poleni kwa usumbufu. Kwanza tazameni mwisho wa mstari wa `proxy_pass`. Mkiandika `location /bei/` na ndani yake `proxy_pass http://127.0.0.1:8080/;`, ule mkwaju (/) wa mwisho huiagiza Nginx iondoe `/bei/` kabla ya kulipeleka ombi, hivyo anayeomba `/bei/leo` huifikia programu kama ameomba `/leo`. Mkiuacha mkwaju huo, programu hupokea `/bei/leo` kama ilivyo, na isipolijua jina hilo hujibu kwamba ukurasa haupo. Herufi moja inabadilisha kila kitu, nayo haileti onyo lolote katika `nginx -t`, kwa sababu namna zote mbili ni halali.

Hata hivyo, kwa kuwa ukurasa wenu unafunguka na kilichokosekana ni rangi na vitufe, nadhani mkwaju mmeuweka sawa. Kilichobaki ni kwamba programu ya bei imeandikwa ikijua kwamba inakaa kwenye mzizi wa tovuti. Ukurasa wake unamwambia mgeni akachukue rangi kwenye `/static/rangi.css`, wala si kwenye `/bei/static/rangi.css`. Kivinjari kinatii, kinaomba anwani ile, na Nginx inaipeleka kwenye tovuti ya kikundi, ambayo haina faili hilo. Nginx hubadilisha anwani ya ombi, lakini haigusi yaliyoandikwa ndani ya ukurasa. Ipo njia ya kuilazimisha ibadilishe maandishi ya kurasa zinapopita, nami siipendekezi, maana itawafanya mkimbizane na anwani moja baada ya nyingine kila programu inapoboreshwa.

Mna njia mbili za haki. Ama programu ya bei ina mpangilio wa kuitajia kwamba inakaa chini ya `/bei`, na hapo mtautumia, ama mnaipa jina lake dogo, kwa mfano bei.example.com, lenye rekodi yake ya A na sehemu yake ya `server` katika Nginx inayoelekeza kwenye 8080. Mimi ningechagua jina dogo bila kusita. Licha ya kuondoa tatizo la rangi, linazitenganisha programu mbili machoni pa kivinjari. Zikikaa chini ya jina moja, msimbo wa moja unaweza kusoma kurasa za nyingine na kutumia vidakuzi vyake, kiasi kwamba tundu katika programu ya bei linakuwa tundu katika tovuti ya kikundi chote.

Mkishakuwa na sehemu mbili za `server`, Nginx huchagua kwa kulinganisha jina aliloomba mgeni na `server_name`. Jina lisipolingana na lolote, huchukua sehemu ya kwanza iliyosomwa, na ndiyo maana anayeandika namba za anwani ya seva peke yake hujikuta kwenye tovuti asiyoitarajia. Wekeni sehemu ya tatu yenye `listen 80 default_server;` na `return 444;`, ambayo huifanya Nginx ikate mawasiliano bila kujibu neno.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ofisi yetu ipo Pangani, na programu ya kumbukumbu zetu inaendeshwa kwenye kompyuta iliyopo hapahapa ofisini, kwa kuwa hatukutaka kumbukumbu zikae kwingine. Nimeweka Nginx kama mnavyoelekeza. Nikiwa ofisini ukurasa unafunguka, lakini nikienda Tanga mjini haufunguki kwa simu. Ruta yetu inatumia laini ya simu. Nimefungua poti za 80 na 443 kwenye ruta bila mafanikio.

Msomaji, Pangani

JIBU

Marahaba. Nginx yako haina kosa. Fungua ukurasa wa ruta na usome anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa inaanza na 10, na 192.168, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi ruta yako haina anwani ya umma. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma kwa sababu anwani za IPv4 ni chache, na ombi linalotoka nje halina namna ya kujua kwamba anayetafutwa ni wewe miongoni mwa wote hao. Kufungua poti kwenye ruta hakusaidii kitu, maana ombi linaishia kwa kampuni kabla halijaifikia ruta.

Suluhisho ni kuisogeza proksi. Kodi seva ndogo kabisa yenye anwani ya umma, weka Nginx huko, na uiunganishe na kompyuta ya Pangani kwa WireGuard, programu ya kujenga njia ya siri (VPN) kati ya kompyuta mbili, ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Kompyuta ya ofisini ndiyo itakayoanzisha mawasiliano kwenda nje, jambo ambalo kampuni ya simu huliruhusu na imelizoea, na kwa kuweka `PersistentKeepalive = 25` upande wa Pangani njia hiyo itabaki wazi. Ikiwa ndani ya WireGuard umeipa kompyuta ya ofisi anwani ya 10.8.0.2, basi kwenye seva ya kukodi utaandika `proxy_pass http://10.8.0.2:8080;`, na programu yako iagizwe isikilize anwani hiyo. Kumbukumbu zitaendelea kukaa Pangani. Zingatia tu kwamba HTTPS inafunguliwa kwenye seva ya kukodi, kwa hiyo kurasa hupita hapo zikiwa zinasomeka. Ikodi kwa mtu unayemwamini, na uilinde kama nilivyomweleza msomaji wa Raskazone.

Chagua seva iliyo karibu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata kwa mstari ulionyooka, ambao nyaya za baharini kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010 hazifuati. Ukikodi huko, ombi la mtu aliyepo Tanga litakwenda Ulaya, litarudi Pangani, jibu litakwenda Ulaya tena na kumrudia, yaani kilomita 24,000 na milisekunde zisizopungua 120 kwa kila ombi, kabla hujahesabu ucheleweshaji wa mtandao wa simu wenyewe. Seva iliyopo Dar es Salaam au Nairobi itakuondolea sehemu kubwa ya safari hiyo.

Mwisho, umeme ukikatika Pangani, seva ya kukodi itabaki hai ikiitafuta kompyuta isiyojibu, na kila mgeni atasubiri sekunde 60 kabla ya kuoneshwa kosa kwa Kiingereza. Punguza muda huo kwa `proxy_connect_timeout 5s;`, na umwandalie ukurasa wa Kiswahili unaomweleza kilichotokea na namba ya simu ya ofisi:

```
error_page 502 504 /samahani.html;
location = /samahani.html {
    root /var/www/taarifa;
}
```

Faili la `samahani.html` likae kwenye folda ya `/var/www/taarifa` katika seva ya kukodi, wala si kwenye kompyuta ya Pangani. Ukishaliweka, zima kompyuta ya ofisi kwa makusudi wakati hakuna anayeitumia, na ufungue tovuti kwa simu uone kama ukurasa huo unatokea ndani ya sekunde chache.